Klunka ya zamani, gia tisa na breki za diski: kazi yote iko kwenye midomo ya ekseli

Kuifunga klunka gia ni kazi ya mchana mmoja. Kuifunga breki ya diski ni kazi ya fremu nzima, na ndiyo sababu klunka nyingi zilizobadilishwa huonekana nzuri zikiwa zimesimama lakini gurudumu la nyuma huchomoka au kukaa upande breki ikibanwa kwa nguvu mteremkoni. Kwa hiyo hapa gia zitapata nafasi ndogo, breki zitapata kubwa.

Kwa wasiozijua: klunka ni baiskeli nzito za chuma zilizotengenezwa Marekani kuanzia miaka ya 1930, hasa Schwinn zenye matairi mapana ya inchi 26 x 2.125, gia moja, na breki ya kukanyaga pedali kinyume. Miaka ya 1970 vijana wa Marin County, California, walizinunua kwa bei ya vyuma chakavu, wakazivua madigadi na mapambo, wakashuka nazo milimani. Waliopenda zaidi fremu ya Schwinn Excelsior walikuwa na sababu: shingo, yaani bomba la mbele linalopitisha uma wa gurudumu, imelala takriban nyuzi 68, kwa hiyo baiskeli inatulia ikiwa kasi. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza mashindano ya kushuka mlima karibu na Fairfax, njia ya kilomita tatu na ushee inayoteremka karibu mita 400. Breki ya kukanyaga ilipata moto hadi grisi ya ndani ikaungua na kutoka kama moshi, na habu, yaani kitovu cha gurudumu, ilibidi ifunguliwe na kujazwa grisi upya.

Gia nazo hazikuchelewa. Desemba 1974 waendeshaji kutoka Cupertino, mji mwingine wa California, walifika Mill Valley huko Marin na klunka zilizokwisha kufungwa gia za kuhamisha mnyororo, na Gary Fisher, mmoja wa waendeshaji wa Marin, akaifunga yake gia, breki za ngoma na mikono ya breki ya pikipiki. Anayesema kutia gia kwenye klunka ni kuiharibu hajui ilikotoka. Kuichomelea fremu ya Excelsior ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ambayo bado ina rangi yake ya kiwandani ni jambo jingine. Hiyo iuze kwa mkusanyaji, na kwa pesa hiyo tafuta fremu iliyokwisha pakwa rangi mara tatu na kupoteza vifaa vyake.

Pima kabla ya kununua chochote

Chukua vernia, kile kipimo cha kubana cha milimita. Nafasi kati ya midomo ya nyuma, yaani zile pande mbili za fremu zinazoshika ekseli, huwa karibu mm 110 kwenye Schwinn za gia moja. Habu ya kisasa ya diski inataka mm 135. Mbele utakuta kati ya mm 90 na 96, wakati habu ya kisasa ni mm 100. Ekseli ya nyuma ya zamani ni inchi 3/8, sawa na mm 9.5, ya kisasa ni mm 10, haiingii bila tupa. Ya mbele ni inchi 5/16, karibu mm 8, na ya kisasa ni mm 9.

Bomba la siti mara nyingi linataka nguzo ya inchi 13/16, yaani mm 20.6. Shina la usukani la Schwinn ni mm 21.1 na si 22.2 ya kawaida. Tofauti ya milimita moja inatosha kukurudisha dukani, na ukilazimisha shina la 22.2 utaipasua shingo ya uma. Pedali za kranki ya kipande kimoja zina hesi ya inchi 1/2. Zile za kranki ya kisasa ni 9/16.

Kisha rimu. Baiskeli za matairi mapana zilikuwa na rimu ya Schwinn S-2, ambayo kipenyo chake ni mm 559, sawasawa na baiskeli za milimani za inchi 26, kwa hiyo tairi la leo linaingia bila shida. Lakini Schwinn za baadaye zilizoandikwa 26 x 1 3/4 zina rimu ya S-7 ya mm 571. Zote zinaitwa inchi 26, na tairi la moja haliingii kwenye nyingine. Soma namba iliyogongwa kwenye rimu. Usisome maandishi ya tairi peke yake.

Hapa diski inaleta faida ambayo wengi hawaioni. Breki ya rimu ikikamata rimu ya chuma iliyolowa, baiskeli inaendelea kama vile hujashika kitu. Diski haijali rimu ni ya chuma, ni ya kung'aa au imepakwa rangi. Kama S-2 zako zimenyooka na hazijaliwa na kutu ndani, zina matundu 36; tafuta habu za diski za matundu 36 na utabaki na sura ya zamani. Utalipa kwa uzito tu. Funga spoku kwa kuzivusha mara tatu, pande zote mbili. Gurudumu la diski halifungwi spoku zilizonyooka kutoka habu hadi rimu, kwa sababu nguvu ya breki inaanzia kwenye habu na spoku ndizo zinazoipeleka kwenye tairi.

Kupanua fremu

Kutoka 110 hadi 135 ni mm 25, yaani mm 12.5 kila upande. Chuma cha Schwinn ni laini na kinene, kinavumilia. Kinachoharibu ni njia. Fimbo ya hesi yenye nati mbili inayosukuma midomo yote kwa pamoja inaonekana ya haki, lakini upande ulio laini zaidi huenda wote na ule mgumu hubaki palepale. Pindisha upande mmoja kwa wakati: laza fremu, ingiza mti imara wa inchi 2 kwa 4 kati ya mihimili, yaani mabomba ya nyuma yanayokwenda kwenye midomo, uegemeze kwenye bomba la siti, sukuma kidogo, pima, rudia. Chuma hurudi nyuma kikiachiwa, kwa hiyo itabidi upite kipimo unachotaka ili kibaki hapo. Nenda polepole, kukirudisha kilichozidi ni kukichosha bure.

Kila baada ya kusukuma, funga uzi kutoka mdomo mmoja wa nyuma, uzungushe shingo ya fremu, uurudishe mdomo wa pili. Pima kutoka uzi hadi bomba la siti, kushoto na kulia. Tofauti ikizidi mm 1, upande wenye nafasi ndogo bado unadai. Angalia pia daraja dogo linalounganisha mihimili ya chini nyuma ya kranki: kona za weldi zake ndizo hupasuka kwanza.

Ukishafika 135, midomo haitazamani tena. Imefunguka kama herufi V, karibu nyuzi moja na nusu hadi mbili kila upande. Ukiiacha hivyo, nati zinaikaza ekseli kwa kuipinda, na ekseli iliyopindwa hukatika. Funga bolti mbili za inchi 3/8 kwenye midomo zikielekeana katikati na uipinde midomo kwa spana kubwa hadi ncha za bolti zikutane. Baada ya hapo tumia tupa kuupanua mfereji kutoka mm 9.5 hadi 10, na chonga ukingo wa chini tu. Ukingo wa juu ndio ekseli inaegemea uzito wako ukipanda. Ukiuchonga kwa kupotoka, gurudumu litakaa upande na utalaumu fundi wa spoku.

Kwa nini diski huchomoa gurudumu

Midomo ya klunka hufunguka kuelekea nyuma, ili mnyororo wa gia moja ukazwe kwa kuvuta gurudumu. Breki ya kukanyaga haikujali hilo: mkono wake umefungwa kwa mkanda kwenye mhimili wa chini wa kushoto, mbali na ekseli, na nguvu inakwenda huko. Diski inafanya tofauti.

Chukua mfano wa breki ya nyuma inayoleta nyutoni 200 pale tairi linapogusa ardhi. Nusu kipenyo ya tairi ni karibu mm 329. Pedi zinaishika diski ya mm 160 kwenye nusu kipenyo ya karibu mm 73. Gawanya, zidisha: pedi zinashika kwa nyutoni kama 900. Nguvu hiyo yote inaishia kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana pedi, na jibu lake linaishia kwenye ekseli.

Sasa swali ni kalipa imekaa wapi. Baiskeli ikienda mbele, sehemu ya juu ya diski inasogea mbele na sehemu iliyo mbele ya ekseli inashuka chini. Pedi zinaisukuma diski kinyume chake. Kalipa ikiwa juu, kwenye mhimili wa juu unaotoka kwenye siti, pedi zinasukuma gurudumu nyuma, yaani moja kwa moja kuelekea mlango ambao midomo imeuacha wazi. Ongeza na ardhi, ambayo nayo inasukuma nyuma. Hakuna nati itakayobaki palepale miaka mingi kwa mzigo huo. Kalipa ikiwa mbele ya ekseli, juu ya mhimili wa chini unaokwenda kwenye kranki, pedi zinasukuma gurudumu juu, kwenye ukingo wa mfereji. Chuma kinabeba mzigo badala ya msuguano wa nati.

Kwa hiyo kwenye klunka kalipa inakaa ndani ya pembetatu, karibu iwezekanavyo na mhimili wa chini. Wanaonakili fremu za kisasa zenye midomo ya kushuka chini huiweka juu, kwa sababu kwenye fremu hizo gurudumu haliwezi kwenda nyuma.

Weka pia kizuizi cha kuzuia ekseli isivutwe mbele na mnyororo. Gia za kuhamisha mnyororo hazihitaji gurudumu lisogezwe, kwa hiyo amua ekseli itakaa wapi na uifungie hapo: vikaza-mnyororo vya bolti, vile vinavyofungwa kwenye ekseli na kuegemea mwisho wa mdomo, kimoja kila upande. Bila hivyo kila ukitoa gurudumu kuziba pancha, diski inarudi sehemu nyingine ndani ya kalipa na unaanza kurekebisha upya. Tumia ekseli nzima yenye nati za mm 15, si ile ya kubana kwa kishikio cha haraka. Kaza kwa nyutoni-mita (Nm) 35 hadi 40.

Kuchomelea kishikio cha kalipa

Vipo vishikio vya kufunga kwa bolti bila kuchomelea. Vingi vimebuniwa kwa midomo inayofunguka mbele au chini, na kwenye midomo ya klunka vinajizungusha. Chomelea.

Nunua kishikio cha chuma cha aina ya IS, kile chenye matundu mawili yaliyotengana mm 51. Usikisogeze kwa macho wala kwa rula. Funga gurudumu lenyewe lililokamilika, likiwa limekazwa mahali pake pa mwisho, diski juu yake, kalipa na adapta yake vimefungwa kwenye kishikio, kisha bana breki ili pedi ziishike diski. Sasa kishikio kimejiweka chenyewe mahali sahihi. Kichonge miguu kikae vizuri kwenye bomba, kishike kwa nukta mbili za weldi, toa gurudumu lenye tairi kabla halijaungua, ingiza ekseli tupu yenye nati kwa mm 135 kamili, umalize. Bila ekseli hiyo mdomo wa kushoto utavutwa na joto, na kazi yote ya uzi imepotea.

Kabla ya moto, ondoa rangi na mchovyo wowote sentimita tano kila upande hadi chuma kionekane. Moshi wa zinki hukufanya uugue kama mwenye homa. Wa kadmiamu, unaopatikana kwenye bolti na nati nyingi za zamani, ni sumu kali. Weldi ya TIG, ile ya gesi na sindano ya tungsteni, na waya wa mm 1.6 inatosha, shaba ya kuyeyusha pia inafaa na haichomi sana chuma. Weldi ya kawaida ya vijiti hutoboa bomba jembamba kama halijashikwa na fundi mwenye mkono mwepesi.

Ongeza bomba dogo la mm 10 hadi 12 kutoka mhimili wa chini hadi wa juu, karibu na kishikio. Mhimili wa chini wa kushoto haukutengenezwa kubeba nyutoni 900 katikati yake. Bila kiunga hicho utasikia breki ikitetemeka na kulia, na baadaye utaona rangi imepasuka mstari mwembamba pembeni ya weldi.

Kwa kalipa chagua ya kebo. Avid BB7 ina faida kwamba pedi zote mbili zinarekebishwa kwa mkono, jambo zuri kwa fremu ambayo haikuzaliwa na diski. Iko ya matoleo mawili: ya baiskeli za milimani na ya baiskeli za mbio, na mikono ya breki ya kila moja huvuta kebo kiasi tofauti. Ukiichanganya, mkono utagusa usukani kabla pedi hazijashika, au breki itakuwa ngumu kama jiwe. Diski inafungwa kwa bolti sita za M5, Nm 4 hadi 6, kwa kuvuka upande hadi upande.

Mbele

Uma wa Schwinn usiuchomelee kishikio. Diski huubebesha mzigo mguu mmoja tu wa uma, na miguu ya zamani ilitengenezwa kwa mzigo wa barabara uliogawanyika pande mbili. Tena, kalipa ya mbele ikikaa nyuma ya mguu, pedi huisukuma ekseli chini, nje ya midomo.

Uma wa diski wenye shingo ya inchi 1 ni adimu, na wa inchi 1 1/8 hauingii kwenye fremu hizi. Mjenzi wa fremu anaweza kuubadilishia uma wa chuma wa kisasa shingo yake. Angalia urefu wa uma kutoka taji lake, pale miguu inapoungana juu, hadi ekseli: kila mm 20 zinazoongezeka hulaza shingo ya fremu karibu nyuzi moja na kuinua kranki. Uma wa springi wa mm 450 kwenda juu huigeuza klunka kuwa kitu kisichokata kona.

Ukihofia gharama, jibu la heshima kwa klunka ni habu ya ngoma mbele. Sturmey-Archer wanatengeneza yenye ngoma ya mm 90 kwa nafasi ya mm 100. Mkono wake unafungwa kwa mkanda kwenye mguu wa uma. Haivutii kama diski, lakini tope halimo na uma unabaki wake.

Gia

Toa kranki ya kipande kimoja, gonga vikombe, ingiza adapta inayogeuza tundu la Kimarekani la mm 51.3 kuwa hesi ya Kiingereza, kisha beringi ya kisasa ya mm 68. Funga sprokiti moja ya mbele ya meno 32 yenye meno mapana na membamba kwa zamu, ili mnyororo usiruke. Nyuma kaseti, yaani fungu la sprokiti, ya gia tisa ya meno 11 hadi 36. Kwa tairi la mzunguko wa mita 2.07, kanyagio moja kamili inakupeleka mita 1.84 kwenye gia nyepesi na mita 6.02 kwenye nzito. Klunka ya meno 46 mbele kwa 20 nyuma inakwenda mita 4.76 tu, mlimani na tambarare.

Kibadilisha gia kinahitaji kishikio chenye tundu la M10 x 1, chini ya ekseli kati ya mm 26 na 30. Kile cha bati kinachobanwa na nati ya ekseli kimeumbwa kwa midomo inayofunguka mbele. Kwenye klunka kinazunguka mnyororo ukivuta. Kwa kuwa weldi imekwisha washwa, chomelea kishikio cha kudumu upande wa kulia, nacho ukipange gurudumu likiwa ndani. Sprokiti ndogo kabisa mara nyingi hugusa mhimili wa juu, kwa sababu mihimili ya Schwinn ni minene. Acha mm 4 kati ya mnyororo na chuma, kwa kuongeza pete ya washa kwenye ekseli upande wa kulia na kulivuta rimu katikati upya.

Urefu wa mnyororo: zungusha sprokiti kubwa mbele na kubwa nyuma bila kupita kwenye kibadilisha gia, ongeza pingili mbili. Mnyororo wa zamani wa upana wa 1/8 hautumiki hapa.

Fremu haina vishika kebo, na usitoboe. Peleka ganda la kebo zima hadi mwisho kwa vibana vya chuma chini ya bomba la juu. Ganda la gia lina nyaya zilizonyooka kwa urefu. La breki limesukwa mviringo. Ukitumia la gia kwenye breki, siku ya kubana kwa nguvu litapasuka.

Wenye Phoenix, Hero au Raleigh za breki za vyuma huku kwetu, habari ni ileile: rimu ya 28 x 1 1/2 ni mm 635, diski haiijali, na angalia kama midomo nayo inafunguka nyuma. Kranki ya pini ndiyo tofauti. Tundu lake kwenye fremu lina hesi tayari, lakini pima kabla ya kununua beringi.

Pedi mpya hazishiki. Endesha hadi kama km 20 kwa saa, punguza hadi mwendo wa miguu bila kufunga gurudumu, rudia mara ishirini kila breki. Baada ya kilomita 50 za kwanza kaza nati za ekseli na bolti za kalipa tena, angalia vikaza-mnyororo kama vimesogea, na safisha weldi kwa kitambaa ukitafuta ufa kwenye rangi. Diski ikishuka chini ya unene wa mm 1.5, badilisha.